KUPANGA NA KUPANGUA: ISTILAHI ZA AKTINI NA PROTINI PAGAZI KATIKA KIUNZI CHA SELI, KWA MIFANO YA PWANI YA TANGA

Ikisiri

Makala hii inachunguza namna Kiswahili kinavyoweza kueleza nyuzi za aktini na protini zinazotembea juu yake ndani ya seli. Hoja yake kuu ni kwamba istilahi za michakato hazina budi kuanzia kwenye kitenzi, si kwenye nomino. Data ya mjadala imetolewa katika msamiati wa kamba, vyombo vya baharini, upagazi na ukwezi kama unavyotumika katika pwani ya Tanga na Pangani. Inaonyeshwa kuwa mnyambuliko wa vitenzi vya Kiswahili, hususan kauli ya kutendua, unabeba maarifa ambayo nomino kama vile kiunzi na mota huyaficha.

1.0 Utangulizi

Uundaji wa istilahi za sayansi katika Kiswahili una historia isiyo fupi. Baraza la Kiswahili la Taifa liliundwa kwa sheria ya mwaka 1967, na mwaka 1990 Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilichapisha Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia. Kazi hiyo ilikuwa hatua kubwa. Hata hivyo, kama ilivyo kwa kamusi nyingi za istilahi, vidahizo vyake vingi ni nomino. Mwelekeo huu unatokana na dhana kwamba kutaja kitu ni kukieleza. Dhana hiyo inatosha pale ambapo kitu chenyewe kimetulia, kwa mfano mfupa au jani. Haitoshi pale ambapo kitu hakina maisha nje ya tendo lake.

Kiunzi cha seli ni mfano mzuri wa hali hii ya pili. Seli ya mnyama imejaa nyuzi za protini za aina tatu kuu: nyuzi za aktini, zenye kipenyo cha nanomita 7 hivi, nyuzi za kati, zenye nanomita 10 hivi, na mirija midogo ya tubulini, yenye nanomita 25 hivi. Juu ya nyuzi za aktini na mirija hiyo hutembea protini nyingine ambazo huvuta au hubeba mizigo kwa kutumia nishati ya adenosini trifosfeti, yaani ATP. Katika makala hii tutajishughulisha zaidi na aktini na protini hizo zinazotembea.

Tumechagua pwani ya Tanga kwa sababu mbili. Kwanza, kwa muda mrefu eneo hili limekuwa mahali pa utafiti wa kibiolojia. Wajerumani walianzisha kituo cha utafiti wa mimea na kilimo Amani, katika milima ya Usambara, mwaka 1902. Maandishi ya kisayansi ya kituo hicho yalitolewa kwa Kijerumani na baadaye kwa Kiingereza, ingawa katika muongo uleule wa kwanza wa karne ya 20 mji wa Tanga ulikuwa ukitoa gazeti la Kiswahili, Kiongozi. Lugha ilikuwepo, wasomaji walikuwepo, lakini sayansi ilipita kando yao. Pili, wenyeji wa pwani hii wana msamiati mpana wa kazi za kamba, tanga na mzigo, na kazi hizo, kama tutakavyoona, zinafanana kwa karibu na mambo yanayotendeka ndani ya seli.

2.0 Kiunzi: nomino na mtego wake

Neno kiunzi limekubalika kwa maana ya mfumo wa mifupa, nalo linaelekea kukubalika katika istilahi kiunzi cha seli. Wanabiolojia wenyewe walipitia njia hiyohiyo: Mfaransa Paul Wintrebert alitumia neno lenye maana ya mifupa ya seli mwaka 1931, nalo likaenea katika lugha za Ulaya. Kwa hiyo Kiswahili hakikukosea kwa namna yake, kilirithi sitiari.

Sitiari hiyo ina ukweli ndani yake. Kiunzi hushikilia umbo, na nyuzi za seli nazo hushikilia umbo. Tatizo liko katika muda. Katika matumizi ya kawaida, kiunzi ni kitu cha kudumu. Fundi anayeunda jahazi huweka mkuku, kisha husimamisha mataruma, kisha hupigilia mbao; taruma lililokwisha kupigiliwa haling'olewi isipokuwa chombo kimeharibika. Mwanafunzi anayesikia kiunzi huleta picha ya mataruma au ya mbavu. Kutokana na picha hiyo hufikia hitimisho moja kwa moja kwamba uzi wa aktini hujengwa mara moja, nao hukaa.

Hali halisi ni kinyume. Uzi wa aktini huundwa na punje, yaani molekuli moja moja za protini hiyo, zinazoshikana zenyewe kwa zenyewe. Ncha zake mbili hazilingani: moja hukua haraka, nyingine polepole. Katika hali fulani ya uwiano punje huongezeka katika ncha moja na kubanduka katika ncha nyingine kwa kasi ileile, hata urefu wa uzi usibadilike ingawa punje zake zote zinapita. Seli inayosogea hupanga nyuzi upande wa mbele na kuzipangua nyuma yake. Kiunzi hiki, basi, ni kiunzi kinachosimama kwa sababu kinabomolewa na kujengwa wakati wote.

3.0 Kauli ya kutendua kama hazina ya istilahi

Kiswahili kina njia ya kisarufi ya kueleza jozi ya kufanya na kuondoa kilichofanywa. Njia hiyo ni kauli ya kutendua, yenye kiambishi -u-, au -o- pale ambapo irabu ya mzizi ni o. Tazama mifano ifuatayo:

(1) a. funga – fungua
b. kunja – kunjua
c. ziba – zibua
d. tega – tegua
e. chomeka – chomoa
f. panga – pangua

Lugha nyingi za Ulaya huhitaji kiambishi awali kirefu au neno jingine ili kueleza upande wa pili wa jozi hizi. Katika Kiswahili upande huo unatokana na mzizi uleule, na mzungumzaji huelewa uhusiano wa maneno hayo mawili bila kufundishwa. Kwa mchakato ambao kiini chake ni kujengeka na kubomoka, sifa hii ni ya thamani kubwa.

Hata hivyo si kila mzizi unafaa. Kitenzi cha kwanza kinachokuja akilini ni unga, kwa maana ya kuunganisha. Lakini umbo la kutendua, ungua, limekwisha kushikwa na maana ya kuathiriwa na moto. Mwanafunzi atakayesoma kwamba uzi wa aktini umeungua atadhani umechomeka. Kitenzi pota, kinachotumika kwa kutengeneza kamba, nacho kinakumbana na kikwazo cha aina hiyo, kwani potoa ina maana ya kuharibu au kupotosha. Tunaona hapa kwamba mfumo wa mnyambuliko una nafasi zilizokwisha kukaliwa, na mwundaji wa istilahi hana budi kuzipima kabla ya kupendekeza.

Kitenzi tunga kina jozi yake, tungua, na kinavutia kwa sababu punje za aktini hufanana na shanga. Lakini shanga hutungwa katika uzi, na uzi huo huwepo kabla ya shanga. Katika aktini hakuna uzi unaopita katikati ya punje. Punje zenyewe ndizo uzi. Istilahi inayotokana na tunga ingemfanya mwanafunzi atafute kitu ambacho hakipo.

Tunabaki na panga – pangua. Jozi hii inakidhi mahitaji matatu: haihitaji kitu cha tatu cha kushikilia vipande, inakubali kauli nyingine za mnyambuliko, na maana yake ya kutendua haina mshindani. Maana nyingine ya panga, ile ya kukodi nyumba, haina umbo la kutendua, kwa hiyo haileti utata. Kutokana na jozi hiyo tunapata:

(2) a. kupangana: punje kushikana kuwa uzi
b. kupanguka: punje kubanduka katika uzi
c. mpangano na mpanguko: nomino za michakato hiyo
d. protini panguzi: protini zinazoharakisha mpanguko

Umbo panguzi linafuata kanuni ileile iliyotupa geuzi katika sarufi geuzi na elekezi katika lugha elekezi. Kwa hiyo mzizi mmoja umezaa familia nzima ya istilahi.

Kuhusu umbo la uzi wenyewe, tunapendekeza kitenzi pota kitumike katika kauli ya kutendwa. Uzi wa aktini ni safu mbili za punje zilizopotwa pamoja. Wanaojua kazi ya usumba katika vijiji vya pwani hawatahitaji mchoro: makumbi ya nazi hufukiwa katika matope ya pwani hadi yalainike, hupondwa, na nyuzi zake hupotwa mbili mbili kuwa kamba. Wale wa mashamba ya mkonge wana ujuzi wa namna hiyo kuhusu katani tangu Richard Hindorf alipoleta zao hilo. Miche 62 iliyosalimika safarini ilipandwa Kikogwe, karibu na Pangani, mwaka 1893. Tofauti moja isisahauliwe: singa ya katani ni ndefu, ilhali safu ya aktini ni punje zilizopangana. Kitenzi pota kinaeleza umbo. Panga kinaeleza ujenzi. Vyote viwili vinahitajika.

4.0 Kunywea kwa msuli

Mfano wa pili unahusu msuli. Katika kufundisha, tendo la msuli mara nyingi huelezwa kwa vitenzi kama vile kunywea au kusinyaa. Vitenzi hivi vina maana ya kitu kupungua ukubwa wake chenyewe, kama tunda linavyosinyaa juani. Kisemantiki, havina mtenda wala mtendwa. Mwanafunzi anayeelezwa kwamba msuli hunywea ana haki ya kufikiri kwamba nyuzi zilizomo nazo hunywea.

Wanasayansi wenyewe waliwahi kufikiri hivyo. Wilhelm Kühne alitoa miosini katika msuli na kuipa jina mwaka 1864. Aktini ilitambuliwa na Brunó Straub katika maabara ya Albert Szent-Györgyi mjini Szeged, Hungaria, mwanzoni mwa miaka ya 1940. Maelezo yaliyokubalika baadaye yalitolewa mwaka 1954 na makundi mawili yaliyofanya kazi mbalimbali, moja la Andrew Huxley na Rolf Niedergerke, na jingine la Hugh Huxley na Jean Hanson. Walionyesha kwamba nyuzi hazipungui urefu. Nyuzi za aktini hupita kando ya nyuzi za miosini, na msuli hufupika kwa sababu nyuzi hizo zinapitana.

Msamiati wa vyombo vya baharini unalieleza jambo hili vizuri. Mabaharia wanapopandisha foromali huvuta henza. Kila mmoja hushika, huvuta, huachia, kisha hushika tena mbele kidogo. Henza haifupiki hata kidogo; inapita mikononi. Vichwa vya miosini hufanya vivyo hivyo: hushika uzi wa aktini, huuvuta, huuachia pale molekuli mpya ya ATP inapojishikiza, kisha hushika tena mbele. Havivuti vyote kwa pamoja, na ndiyo sababu uzi haurudi nyuma wakati kichwa kimoja kimeachia.

Kitenzi vuta kina mtenda na mtendwa. Sentensi inayotumia vuta humlazimu mwandishi kusema nani anavuta nini. Tulinganishe:

(3) a. Msuli hunywea kwa nguvu ya ATP.
b. Miosini huvuta nyuzi za aktini, nazo hupita. Kila kichwa hutumia ATP moja kwa mshiko mmoja.

Sentensi (3a) ni sahihi kisarufi na haifundishi kitu. Sentensi (3b) inaweza kuulizwa maswali. Hata hali ya maiti kukakamaa inaelezeka kutokana nayo: ATP ikiisha, vichwa hushika visiweze kuachia. Kutokana na (3a) mwanafunzi angetabiri kinyume, kwamba msuli usio na nishati utalegea.

5.0 Mota au mpagazi?

Protini zinazotembea juu ya nyuzi huitwa kwa Kiingereza kwa jina linalotokana na mota. Kiswahili kina neno mota, nalo ni jepesi kulikopa. Lakini mota katika matumizi yetu ni mashine iliyofungwa mahali pamoja na kuzunguka. Haina njia, haina mzigo, haina mwelekeo.

Tunapendekeza protini pagazi, kutokana na kitenzi pagaa. Mpagazi katika historia ya pwani hii alikuwa na sifa nne. Alikuwa na njia: misafara ya karne ya 19 iliyotoka Pangani kwenda Kilimanjaro ilifuata njia zinazojulikana. Alikuwa na mzigo. Alikuwa na mwelekeo, ama kwenda bara ama kurudi pwani. Tena alikuwa na posho, bila hiyo hakupiga hatua.

Sifa hizo zote nne zinapatikana katika seli. Daineini ilitambuliwa na Ian Gibbons katika miaka ya 1960, na kinesini na Ronald Vale na wenzake mwaka 1985 katika neva za ngisi. Njia ya zote mbili ni mrija wa tubulini. Kinesini nyingi hupagaa mizigo kuelekea ukingoni mwa seli, na daineini hupagaa kuelekea katikati. Tunaweza kusema moja huenda pwani na nyingine huenda bara. Kinesini ya kawaida hupiga hatua za nanomita 8, na kila hatua hugharimu ATP moja, ambayo ndiyo posho yake.

Miosini nazo hazifanyi kazi ya aina moja. Miosini ya msuli huvuta. Miosini V hupagaa mizigo juu ya uzi wa aktini kwa hatua za nanomita 36 hivi. Urefu huu unalingana na nusu ya mzunguko wa safu mbili za aktini zilizopotwa, hivyo protini hiyo huendelea upande mmoja wa uzi bila kuuzunguka. Msomaji aone kwamba maelezo haya yasingewezekana kama istilahi ya uzi isingekuwa imebeba dhana ya kupotwa. Istilahi nzuri hutegemeana.

6.0 Mwendo wa kimelea cha malaria

Mfano wa mwisho una uzito wa pekee kwa Tanga. Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1979, ina kituo cha Amani, ambacho kimefanya utafiti wa malaria wilayani Muheza. Korogwe, pamoja na Bagamoyo, ilikuwa miongoni mwa sehemu kulikofanyika majaribio ya awamu ya tatu ya chanjo ya RTS,S kati ya mwaka 2009 na 2014, na Shirika la Afya Duniani liliipendekeza chanjo hiyo kwa watoto mwezi Oktoba 2021. Utafiti wa namna hii huhitaji ridhaa ya wazazi, na ridhaa huhitaji maelezo. Hapa istilahi huacha kuwa suala la kamusi.

Kimelea cha malaria huingizwa mwilini na mbu jike wa jamii ya Anofelesi kikiwa katika umbo la sporozoiti. Sporozoiti haina miguu wala mkia wa kupigia maji, lakini huenda kwa kasi ya maikromita 1 hadi 2 kwa sekunde, kasi kubwa mno kwa seli. Chini ya utando wake kuna miosini na nyuzi fupi za aktini. Protini za juu ya utando hushika tishu kwa nje. Miosini huisukuma aktini iliyounganishwa nazo kuelekea nyuma. Kimelea husonga mbele.

Ni kitenzi gani kitumike? Kuogelea kunapotosha, kwani kimelea hakisukumi maji. Kuteleza kunaonyesha tendo lisilokusudiwa. Kujivuta na kujikokota vina utendaji unaotakiwa, lakini vyote viwili vimebeba maana ya uvivu au uchovu. Tunaona kukwea kunafaa zaidi. Mkwezi hushika shina la mnazi, hulisukuma chini, na mwili wake hupanda. Asiposhika hapandi, hata akiwa na nguvu namna gani. Katika seli hakuna juu wala chini, kwa hiyo sehemu hiyo ya maana itapaswa kuachwa. Kupanuka kwa maana kwa namna hii ni jambo la kawaida katika istilahi.

Manufaa yake ni dhahiri. Mzazi anayeelezwa kwamba kimelea hukwea anaweza kuelewa mara moja kwamba kinga inayofunika mahali pa kushikia hukizuia. RTS,S imeundwa kwa sehemu ya protini inayoifunika sporozoiti, na katika majaribio ya maabara kingamwili dhidi ya protini hiyo zimeonekana kupunguza mwendo wake. Mzazi anayeelezwa kwamba kimelea huogelea hana njia ya kuunganisha mambo hayo mawili. Atabaki kuamini tu, na kuamini si sawa na kuridhia.

7.0 Pingamizi

Huenda ikadaiwa kwamba msamiati wa henza na foromali haujulikani kwa mwanafunzi wa Kagera au Dodoma, na hata kwa kijana wa Usagara mjini Tanga. Dai hili lina uzito. Lakini istilahi tulizopendekeza ni panga, pangua, pota, vuta, pagaa na kukwea, si henza wala foromali. Vitenzi hivyo vimo katika Kiswahili sanifu. Mifano ya pwani ni ya kufafanulia tu, na mwalimu wa mahali pengine ana uhuru wa kutafuta yake.

Pingamizi la pili ni la umataifa: kwa nini tusikope yote? Jibu ni kwamba majina ya molekuli tumeyakopa, yaani aktini, miosini, kinesini, daineini na tubulini. Jina la molekuli halieleweki zaidi kwa Mwingereza kuliko kwa Mswahili. Matendo ya molekuli ni jambo jingine. Hayo kila lugha ina vitenzi vyake.

8.0 Hitimisho

Katika makala hii tumeonyesha kwamba nomino kiunzi, kitenzi kunywea, neno mota na kitenzi kuogelea, kila kimoja kwa namna yake, humwongoza mwanafunzi kwenye utabiri usio sahihi. Tumependekeza kiunzi kibaki kama jina la jumla, lakini fasili yake itaje mpangano na mpanguko. Kwa mapana zaidi tunapendekeza kipimo kimoja kwa kamati za istilahi: kabla ya kupitisha nomino, kiandikwe kwanza kitenzi chake, kinyambuliwe, kisha kitumike katika sentensi yenye mtenda na mtendwa. Nomino isiyoweza kupita kipimo hicho irudishwe.

Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014 ilifungua mlango wa kutumia Kiswahili katika ngazi zote za elimu. Biolojia katika shule zetu za sekondari imeendelea kufundishwa kwa Kiingereza, na sababu inayotolewa mara kwa mara ni uhaba wa istilahi. Uhaba upo. Lakini sehemu yake inatokana na kutafuta majina pale ambapo lugha imetuwekea matendo.